Ini la mtoto likijaa mafuta: anzia kwenye kikombe

Mama ameshika dodoki, mtoto wa miaka 10 ameinamisha kichwa, na shingo inasuguliwa. Wiki iliyopita ilikuwa magadi, wiki hii ni ndimu, na ule weusi wa nyuma ya shingo uko palepale. Hautatoka, kwa sababu si nongo. Pitisha kidole utaona ngozi imekuwa nene kidogo na laini kama mahameli, ina mikunjo midogo, na ukitazama vizuri utaikuta hali hiyo hiyo kwapani na kwenye kinena. Hiyo mara nyingi ni dalili kwamba mwili unatoa insulini (homoni inayoingiza sukari kwenye seli) nyingi kupita kiasi, kwa kuwa seli zimeacha kuisikia. Insulini ikikaa juu miezi na miaka, ini huanza kujiwekea mafuta. Kwa hiyo usimsugue mtoto wala usimwaibishe. Umepata taarifa mapema, tena bure. Chukua uzi.

Uzi usiovutika. Mtoto asimame bila viatu, mgongo ukutani, ukate uzi kwa urefu wake kuanzia kisigino hadi utosini. Ukunje katikati, halafu uuzungushe tumboni, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, si pale mkanda wa suruali unapokaa, mtoto akiwa ametoa pumzi kawaida bila kuvuta tumbo ndani. Ncha mbili zikikutana kwa raha, sawa. Zisipokutana, kiuno kimezidi nusu ya urefu wake, na mafuta yaliyokaa tumboni ndiyo yanayohusiana zaidi na ini. Kipimo hiki kinafaa kwa mtoto aliyevuka miaka 5, na tunakipenda kwa sababu moja: kadi ya kliniki ikishawekwa kabatini akifikisha miaka mitano, watoto wengi hawapandi tena mzani mpaka siku wameugua.

Ukiwa na mzani, fanya na hesabu ya BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu. Chukua mtoto wa miaka 10 mwenye kilo 46 na urefu wa sentimita 140. Zidisha 1.40 kwa 1.40 upate 1.96, gawa 46 kwa 1.96, jibu ni 23.5. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mvulana wa miaka 10 anahesabiwa kuwa na unene uliopitiliza akivuka 21.4, na msichana akivuka 22.6. Usitumie ile 25 na 30 ya watu wazima. Kwa mtoto inadanganya, na kila umri una namba zake. Huyu wa mfano wetu, watu mtaani watamsifu kwamba ana afya, bibi atasema kalishwa akashiba. Lakini anahitaji kupimwa ini.

Kipimo cha kuanzia ni cha damu, kinaitwa ALT. ALT ni kimeng'enya kinachoishi ndani ya seli za ini. Seli zikiumia kinavujia kwenye damu. Hapa ndipo wazazi wengi wanapopotezwa bila mtu kukusudia. Maabara nyingi huchapa pembeni ya jibu kikomo cha watu wazima, 40 au 45, nyingine hata zaidi. Mtoto anapata 38, karatasi haina alama nyekundu, mzazi anarudi nyumbani na soda ya kumpongeza. Kikomo kinachotumika kuchunguza ini lenye mafuta kwa watoto ni 26 kwa mvulana na 22 kwa msichana. Hiyo 38 si ya kawaida. Ikikaa karibu mara mbili ya kikomo, yaani 50 na kuendelea kwa mvulana au 44 kwa msichana, kwa zaidi ya miezi 3, mtoto achunguzwe kwa undani. Ikivuka 80, usisubiri miezi mitatu. Mwongozo wa mwaka 2017 wa madaktari wa ini na utumbo wa watoto wa Amerika ya Kaskazini unashauri kuanza kupima kati ya miaka 9 na 11 kwa mtoto mwenye unene uliopitiliza, na pia kwa yule aliyezidi uzito kidogo ikiwa ana jambo jingine la hatari kama kisukari, tumbo kubwa au ndugu wa karibu mwenye ugonjwa huu.

Ultrasaundi je? Ina kazi yake, hasa kutafuta matatizo mengine, lakini usiifanye hakimu. Ini lenye mafuta linaonekana jeupe na kung'aa kuliko figo iliyo jirani yake. Mafuta yakiwa machache, mashine inapita bila kuyaona. Ini huhesabiwa kuwa na ugonjwa pale zaidi ya asilimia 5 ya seli zake zinapobeba mafuta, na ultrasaundi huwa na uhakika zaidi mafuta yakishafika kiasi cha asilimia 20 au 30. Jibu la "ini liko sawa" kwa mtoto mwenye shingo nyeusi na ALT ya 60 halimalizi mjadala.

Kabla ya kusema ni mafuta, daktari lazima aondoe mengine. Katika nchi zetu la kwanza ni homa ya ini B. Omba kipimo chake hata kama mtoto alimaliza chanjo zote. Kisha homa ya ini C, dawa anazotumia (baadhi ya dawa za kifafa na matumizi ya muda mrefu ya steroidi huleta mafuta kwenye ini), mitishamba aliyonyweshwa, na magonjwa ya kurithi kama ule wa mwili kushindwa kutoa madini ya shaba. Taja kila kitu alichokunywa, hata kile ambacho hukumwambia mwenzako nyumbani. Na mtoto mnene ambaye pia ni mfupi kuliko wenzake, tena ameacha kurefuka, apimwe homoni. Unene wa kula kupita kiasi kwa kawaida humfanya mtoto awe mrefu kwa umri wake, si mfupi. Pamoja na hayo pimeni sukari, mafuta ya damu na shinikizo, maana mambo haya hutembea pamoja.

Kuhusu jina: karatasi inaweza kuandikwa NAFLD au MASLD. Ni ugonjwa uleule. Jina lilibadilishwa mwaka 2023. Hauhusiani na pombe. Tunalisema hili wazi kwa sababu kuna familia zinazoficha majibu ya mtoto zikihofia majirani watasema anapewa ulevi.

Sasa kikombe. Sukari ya mezani nusu yake ni glukosi, ambayo kila msuli unaweza kuitumia, na nusu ni fruktosi, ambayo sehemu kubwa huishia kwenye ini. Fruktosi ikiingia polepole, ikiwa ndani ya nyama na nyuzinyuzi za embe zima, mwili unaimudu. Ikimiminwa glasi nzima kwa dakika mbili, ini linageuza ziada kuwa mafuta na kuyaweka papo hapo. Ndiyo maana hatuanzi na ugali wala wali, ingawa mazungumzo ya unene kwetu siku zote huangukia huko. Utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2017 uliwachukua watoto 41 wenye unene uliopitiliza, ukawaondolea vyakula na vinywaji vya sukari na kuwapa wanga mwingine badala yake, nguvu ya chakula (kalori) ikibaki ileile. Katika siku 9 tu, mafuta ya ini yalishuka kutoka asilimia 7.2 hadi 3.8. Mwingine wa mwaka 2019, hukohuko Marekani, ulifuata wavulana 40 wa miaka 11 hadi 16 wenye ugonjwa huu. Nusu yao walikula chakula chenye sukari ya kuongezwa chini ya asilimia 3 ya nguvu ya siku, kwa wiki 8. Mafuta ya ini yao yalitoka asilimia 25 hadi 17. Waliobaki na mlo wao wa kawaida walitoka 21 hadi 20. Na chakula kile kililetwa kwa nyumba nzima, si kwa mvulana peke yake. Tutarudi hapo.

Hesabu siku moja ya mtoto wetu wa mfano. Chai ya asubuhi, vijiko vitatu vya sukari. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni gramu 4, lakini nani anasawazisha? Kile chenye kilima ni gramu 6, kwa hiyo tayari gramu 18. Saa nne shuleni juisi ya pakiti, gramu 25 hivi. Mchana soda ya mililita 350: soda nyingi zina gramu 10 hadi 13 katika kila mililita 100, weka gramu 40. Jioni uji wenye vijiko vitatu tena, 18. Jumla gramu 101, na hatujahesabu andazi, biskuti wala lambalamba. Chama cha Moyo cha Marekani kinaweka kikomo cha gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku kwa mtoto wa miaka 2 hadi 18. Mtoto huyu amemaliza ya siku nne, na hakuna aliyeona anakula peremende.

Soda, juisi za pakiti, juisi za unga za kukoroga na vinywaji vya kuongeza nguvu vitoke nyumbani siku moja, bila kupunguza kidogokidogo. Kikiwepo kwenye friji kitanyweka. Chai na uji ndivyo vya kupunguza taratibu: toa nusu kijiko kila wiki. Kutoka vijiko vitatu, wiki ya sita hakuna kitu, na ulimi umeshazoea. Mdalasini, iliki na tangawizi husaidia sana kipindi hicho. Uji wa dona au ulezi utiwe maziwa, au ndimu kidogo, au ndizi mbivu moja iliyopondwa. Unga wa lishe wenye mchanganyiko wa karanga, soya, mchele na mengine saba ulikusudiwa mtoto anayehitaji kuongezeka, huyu hahitaji.

Kosa kubwa tunaloliona ni kubadilisha soda kwa juisi fresh. Mzazi ananunua blenda, anajipongeza. Glasi moja ya machungwa inameza matatu au manne, nyuzinyuzi zinabaki kwenye chujio, halafu inaongezwa sukari "kidogo". Kwa ini ni soda nyingine. Ubuyu na ukwaju wa kukoroga na sukari ni hivyo hivyo, na maji ya miwa ndiyo usiseme. Asali pia ni sukari. Tunda liliwe zima, mawili hadi matatu kwa siku. Cha kunywa ni maji, na maziwa yasiyotiwa sukari vikombe viwili.

Mwezi wa Ramadhani unahitaji mpango wake. Kufunga hakumdhuru kijana mwenye afya ya kufunga, ila futari ya pwani ina tambi za sukari, kaimati na jagi la juisi, vyote kwa saa moja. Afuturu kwa maji na tende mbili au tatu, supu, kisha muhogo au magimbi kwa samaki. Kaimati zibaki za Ijumaa.

Sahani ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Nusu iwe mboga: mchicha, matembele, bamia, kabichi, figiri. Robo iwe maharage, dagaa, samaki, yai au kuku aliyetolewa ngozi. Robo iwe wanga, na kwa mtoto wa miaka 10 tunaanzia ugali wa ukubwa wa ngumi yake moja na nusu, ngumi yake si yako, dona ikiwezekana. Akimaliza na bado ana njaa, angoje dakika 15 kisha aongezwe mboga na maharage. Mafuta ya kupikia yapimwe kwa kijiko: kijiko kimoja cha chakula kina nguvu ya kalori 120 hivi, na mkono unaomimina kutoka kwenye dumu haujui kuhesabu. Chipsi mayai ni kitu cha mara moja kwa mwezi. Viazi vilevile vikichemshwa havina shida.

Asubuhi ndipo pagumu, kwa sababu chai na maandazi vimezoeleka na vinapatikana mlangoni. Kiazi kitamu au ndizi ya kuchemsha pamoja na yai inachukua muda uleule ikiwa vimechemshwa jioni. Kwa shule, mfungie karanga za kuchemsha kiganja kimoja chake, tunda na chupa ya maji, halafu upunguze ile hela ya matumizi. Mtoto mwenye shilingi elfu moja mfukoni na duka la krispi getini hajashindwa yeye. Amewekewa mtego na wakubwa.

Usimnyime chakula. Mtoto anayepewa uji mtupu na kachumbari ili apungue haraka anaweza kuliumiza zaidi ini lake. Wapo wanaoshangaa kusikia kwamba mtoto mwenye unyafuzi, yule aliyevimba miguu kwa kukosa protini, naye ini lake hujaa mafuta: hana protini ya kuyafungashia yatoke. Kwa hiyo dagaa na maharage havipunguzwi. Na kwa mtoto anayekua, mara nyingi hahitaji kupungua hata kilo moja. Yule wa kilo 46 akibaki na kilo 46 mwaka mzima huku akirefuka sentimita 5, BMI yake inatoka 23.5 hadi 21.9. Unene ukiwa mkubwa zaidi, nusu kilo kwa mwezi inamtosha mtoto wa umri huu. Mpime mara moja kwa mwezi, mzani uleule, asubuhi. Kumpandisha kila siku kunaleta machozi na hakuonyeshi lolote, maana maji peke yake hubadilisha kilo nzima.

Mazoezi hupunguza mafuta ya ini hata uzito usiposhuka. Kipimo ni dakika 60 kwa siku za mwendo unaomfanya ahemee: anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Aliyezoea kukaa aanze na dakika 15, aongeze 5 kila wiki. Kuruka kamba, rede, kombolela, mpira wa chandimu, kutembea kwenda shule. Zigawe vipande vinne ikibidi. Jambo moja la kuangalia: mtoto mnene wa miaka 10 hadi 16 anayeanza kuchechemea, au kulalamika goti au paja bila kuanguka, aache mazoezi na apigwe picha ya nyonga siku hiyo hiyo au kesho yake. Kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuteleza kutoka mahali pake, na maumivu yake hujificha kwenye goti.

Simu na televisheni zisizidi saa mbili kwa siku nje ya masomo, na zisiwepo wakati wa kula. Alale saa 9 hadi 12 akiwa na miaka 6 hadi 12, saa 8 hadi 10 akishakuwa kijana. Akikoroma kila usiku na pumzi kukatika katika, mwambie daktari. Kukosa hewa usingizini ni mzigo mwingine kwa ini.

Dawa? Hakuna iliyoidhinishwa kwa ajili ya ugonjwa huu kwa watoto. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 uliwapa watoto wa miaka 8 hadi 17 vitamini E au metformini (dawa ya kisukari) kwa wiki 96, na hakuna iliyoshinda kidonge kisicho na dawa ndani katika kuishusha ALT ikabaki chini. Zile chupa za "kusafisha ini" zinazouzwa mitandaoni ziache kabisa. Ini lililoumia ndilo linalotakiwa kuzichuja.

Mipango hii huvunjika mahali pamoja karibu kila mara: mtoto mmoja anawekewa sheria, wengine wanakunywa soda mbele yake. Anaitwa bonge mezani, anaanza kula kwa kujificha, anatumwa dukani na kurudi na chenji pungufu. Baada ya miezi miwili nyumba nzima imechoka. Baba aache soda yake kwanza. Mdogo wake mwembamba naye hana faida yoyote na gramu 100 za sukari. Bibi aelezwe kwa heshima, na apewe kazi: yeye ndiye atakayemchemshia karanga na kutembea naye jioni, kwa hiyo mapenzi yake yana pa kwenda pasipo pipi.

ALT irudiwe baada ya miezi 3, kisha 6. Sukari ikitoka kweli, mara nyingi huanza kushuka mapema. Ikishuka, endeleeni na mkutane na daktari kwa ratiba, kwa kuwa namba nzuri haithibitishi kwamba hakuna kovu kwenye ini. Isiposhuka, msilaumiane kabla ya kuhesabu tena vikombe vya siku, pamoja na vya shuleni na vya kwa shangazi. Macho yakiwa manjano, tumbo likijaa maji, mkojo ukiwa kama chai ya rangi, au akitapika damu, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Na siku ya kurudia kipimo cha tumbo, usitumie uzi wa miezi mitatu iliyopita. Mtoto amerefuka. Kata mwingine.